Malalamiko Juu ya Viele Isiyojua Kukimbia

Nyamitaba, siku ya kumi na ine ya mwezi wa tatu

Kwa Papa Constantin, Muhariri wa buletini Waimbaji wa Milima, Goma

Ndugu Muhariri,

Nakusalimia wewe, bibi yako, watoto, na yule dada wa kupiga makina anayetuondoleaga makosa ya kuandika. Sisi huku tuko wazima. Mvua imenyesha, maharagi yameota, na wiki hii hakuna aliyetupigia risasi. Kwa hiyo nimepata muda wa kulalamika.

Mimi ni Valens Nzabandora, fundi wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma zinazobeba viazi mpaka soko. Tena ni sekretere wa korali ya shapeli yetu. Chukudu zangu zinajulikana toka hapa mpaka Kalembe. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili ujue ya kwamba kwa mambo ya gurudumu la mbao, hakuna mwandishi wa Goma atakayenifundisha kitu.

Katika toleo la mwezi uliopita mulitangaza ya kwamba wapenzi fulani wa muziki, wa kule Ulaya, watapatia kila korali viele moja ya bure, “kwa muziki wa zamani za kati na muziki wa kikabila.” Mukaongeza kurasa tatu za mashauri juu ya namna ya kuchagua viele yako ya kwanza, picha tatu zenye vipimo, na karatasi ya kujaza kabla ya Pasaka. Tulisoma yote kwa sauti katika shapeli, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu hawakuamini.

Nimuelezee na msomaji ambaye hakupata toleo lile, maana najua mutachapisha barua yangu. Viele ni chombo cha mbao cha kuweka juu ya magoti. Iko na nyuzi kama gitaa, lakini hazipigwi na vidole. Ndani yake iko gurudumu la mbao. Unazungusha manivele na mukono wa kuume, kama muntu anayewasha mashini ya kusaga, gurudumu linasugua nyuzi, nazo zinalia. Mukono wa kushoto unafinya vifungo vya kubadilisha sauti. Namba moja ya picha zenu ni sanduku tu la pembe ine, nyuzi tatu. Namba mbili iko na kiuno kama gitaa. Namba tatu iko na mugongo wa muviringo kama nusu ya kibuyu, nyuzi sita, na pa mwisho wamechonga kichwa cha mwanamuke. Hiyo njo ya uzito kuliko zote.

Korali yetu inahitaji chombo, sikatai. Synthé yetu, kile kinanda cha umeme, ilibebwa na watu wasioimba. Tena bibi yangu wa ndoa, Verdiane Murekatete, aliyekuwa akituanzishia nyimbo zote, hajaimba hata mustari mumoja tangu turudi hapa, miaka mitatu sasa. Anasema vizuri, anacheka, ananigombeza kwa sauti kamili, kuimba, hapana. Zamani alikuwa na iningiri ya marehemu baba yake, kile kinanda cha uzi mumoja cha kupiga na upinde mudogo. Ilibaki ukutani siku tulipokimbia mara ya tatu, mambo ya kawaida. Komite inafikiri ya kwamba chombo kipya kitamurudishia sauti. Lakini mambo ya Verdiane si kiini cha barua hii, na nakuomba usiyatilie maanani. Kiini ni miguu.

1. Mashauri yenu yanaanza na sauti. Mumeandika: usikilize kwanza chombo kinavyolia. Papa Constantin, kwa heshima yote, hilo ni shauri la muntu anayelala mahali pamoja. Huku kwetu swali la kwanza ni kama inakimbia. Sisi tumekimbia mara tatu, na mimi njo nilitunga kanuni ya nyumba yetu: watoto na sufuria kwanza, chombo cha muziki mwisho. Sufuria inapika. Chombo cha muziki hakijapika hata siku moja. Mara ile ya tatu, tulipofika Mubi, sufuria yangu ilipikia familia ine kwenye baraza ya duka la Mama Kasoki, mufanyabiashara wa kutoka Butembo aliyetupokea miezi minane bila kutuuliza tutaondoka lini, Mungu amubariki. Yeye mwenyewe ni shahidi. Siku moja alimuomba Verdiane aanzishe wimbo kwenye sala, na Verdiane akamujibu ya kwamba yeye si mwimbaji, yeye ni mubeba sufuria. Umeona? Hata bibi yangu mwenyewe anakubali kanuni.

Na nyinyi mumeandika pa ukurasa wa pili ya kwamba uzito si neno, kwa sababu viele inapigwa muntu akiwa ameketi. Ayi! Nani aliwaambia tumeketi?

Kwa hiyo komite ilinituma nichonge viele tatu za kalitusi kwa vipimo vya picha zenu, bila nyuzi, lakini na manivele inayozunguka, ili tuzijaribu kwa miguu. Waimbaji walikimbia nazo kutoka mulango wa shapeli, kushuka mutoni, kupanda mpaka nyumba ya fromaji, pale wanapotengeneza jibini. Namba moja ilipiga watu figo, lakini ilifika. Lévi wa sauti ya basi, anayeendesha pikipiki, aliwahi nayo kuliko wote. Kisha tukazijaribu njiani, maana kukimbia bila kupita bariyeri, pale wenye bunduki wanafungaga njia, ni mazoezi ya shule tu. Benita wa soprano alipita na lile sanduku. Vijana wa bariyeri wakalitikisa karibu na sikio, wakamuuliza ni mawe ya madini ya wapi anapitisha. Aliwaambia ni muziki wa zamani za kati. Wakamukalisha kwenye jua mpaka saa tisa wakingojea mukubwa wao anayejua Kifaransa. Namba mbili, ndani ya mufuko, iko na kiuno na shingo, kama bunduki. Lévi aliivaa mugongoni akienda Kalembe, na kabla ya kufika alikuwa amekwisha kulazwa kifudifudi mara mbili, mikono juu ya kichwa, akielezea mavumbi ya kwamba ni kinanda.

Namba tatu, hapa naomba uvumilivu wako. Kwa sababu ya ule mugongo wa muviringo, hakuna namna ya kuibeba isipokuwa mugongoni kwa kikwembe, nguo ya kujifunga ya wamama, kama mutoto. Verdiane njo alijitolea, sijui kwa nini, hakuna aliyemuomba. Katika mbio alifika wa mwisho kabisa, goti lake linamusumbua, wengine walikuwa wamekwisha kunywa maji na kusali. Kisha akapita nayo sokoni, kile kichwa cha mwanamuke kikichungulia nyuma ya bega lake. Verdiane iko na miaka makumi tano na ine. Kesho yake jirani yetu Mukashema alileta uji wa mutama, ule wa kupatia muzazi. Kesho kutwa wakaja mama wane na kuni. Mama wa kituo cha afya akaandika jina letu kwa siku ya kupima watoto uzito. Wanaume walinishika mukono sokoni kwa heshima ambayo chukudu hazijawahi kuniletea. Watu walipouliza mutoto anaitwa nani, hauwezi kuwaacha warudi hivi hivi baada ya kuleta kuni, tukalazimika kumupa jina. Anaitwa Umwali, maana yake musichana. Mamawe! Kipande cha kalitusi, bila uzi hata mumoja, kimekula uji wa watu na kuitwa jina. Jambo hilo mashauri yenu hayakulitaja popote.

Komite ikakataa namba tatu kwa kura zote isipokuwa moja. Sitasema ya nani.

2. Namba mbili na namba tatu ziko na kitu ambacho mwandishi wenu anakiita imbwa, kama yule anayebweka. Ni kijiti kidogo chini ya uzi mumoja, kinachotetemeka na kunguruma ukizungusha manivele kwa nguvu, na mumesema ya kwamba viele bila imbwa haina roho. Sisi tunapojificha porini tunafungaga midomo ya majogoo na kamba ya mugomba. Muntu mwenye kikohozi anakohoa ndani ya kikwembe cha jirani. Halafu niingie pale na chombo chenye kunguruma? Lévi alishauri Ulaya watume imbwa peke yake, tuifungie nyumbani ilinde mulango. Shauri lile lilipata kura saba, nami kama sekretere nimeliandika.

3. Kuna na uzi munaouita burdoni, unaotoa sauti moja tu toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, hata wimbo ukibadilika, uzi wenyewe haubadiliki. Mumeusifu sana. Ndugu Muhariri, hiyo tunayo tayari. Kila miezi sita wanakuja wajumbe, wanateremka gari, wanasema amani iko karibu, muwe na uvumilivu, wanapanda gari. Sauti yao haijapanda wala kushuka hata nusu tangu watoto wangu wa kwanza wanyonye. Korali imekwisha kuzoea kuimba juu yake, na haina haja ya kuagiza ingine toka Ulaya.

4. Karatasi yenu inauliza: “Muziki wa kabila gani? Chagua moja tu.” Wewe umezaliwa huku juu, Papa, na sikutegemea hilo kutoka kwako. Nilipolisoma lile swali kwa sauti, watu wawili waliangalia mulango na Mama Libérata akaanza kutafuta viatu vyake. Mara ya mwisho muntu alikuja hapa na kalamu kuuliza nani ni nani, tulilala porini siku kumi na moja. Mukutano ulichukua saa tatu. Mumoja alisema tuache pale wazi. Mwengine akasema ukiacha pa wazi, kuna muntu atapajaza kwa ajili yako. Mwishowe tuliandika ukweli: korali yetu iko na makabila ine, soprano, alto, tenor na basi, na wanaochukiana kabisa ni soprano na alto. Kwa kuwa mulitaka moja tu, tukaweka alto, kwa sababu wao hawajawahi kupatiwa kitu.

5. Zamani za kati. Buletini inasema ni miaka mia nane iliyopita. Korali iliuliza kati ya nini na nini. Za kwetu tunazijua bila kitabu: ni ile miezi kumi na mine kati ya kukimbia mara ya pili na mara ya tatu. Synthé ilikuwa hapa, hakuna aliyelala na viatu miguuni, na Verdiane alikuwa akianzisha nyimbo na iningiri ya baba yake mpaka watu wa ng'ambo ya muto wanaacha majembe wanasikiliza. Nami nilikuwa nasimama nyuma ya waimbaji wa basi nikijifanya naimba. Kama viele yenu inajua zamani za kati hizo, karibu. Kama ni zile za Ulaya, wao wenyewe wanazo, wabaki nazo.

6. Lalamiko la mwisho, na njo kubwa. Pa ukurasa wa tatu mumeandika ya kwamba kabla ya safari tulegeze nyuzi moja moja, tubadilishe pamba inayofungwa juu ya nyuzi, tufunike gurudumu na kitambaa kikavu, na mumeandika kwa herufi kubwa: usisafirishe viele kwa haraka. Sisi pia tunajua kusema haraka haraka haina baraka. Tulikuwa tunaisema sana zamani. Nimepima kwa saa ya Lévi, tukijifanya nyuzi ziko: nyuzi sita, dakika kumi, pamba, kumi na tano, kitambaa na sanduku lake, tano. Hiyo ni nusu saa. Sisi tunapataga dakika ine, tena siku nzuri.

Kwa hiyo ninaomba kwa unyenyekevu ya kwamba buletini iandikie wote wenye bunduki, wa kila upande, bila kubagua: kwanza, wawe wanatupatia taarifa ya siku tatu, kwa maandishi, na nakala moja kwa korali. Pili, wakati wa mvua wasije kabisa, kwa sababu mumesema wenyewe gurudumu likipata unyevu linavimba. Tatu, ikiwa hawawezi kujizuia, wapige risasi kwa sauti ya sol, maana viele zenu zimepangwa kwa sol na do, na hatutaki kuanza kuzipanga upya tukiwa ndani ya migomba. Hayo si mengi. Vijiji vingine vinaomba barabara.

Wakikataa, nafasi ya pili ni hii: wale wapenzi wa Ulaya watume viele mbili, moja ya kupiga na moja ya kukimbia, na ile ya kukimbia ikae siku zote pa mulango imefungwa tayari, pamoja na chumvi. Wakikataa hiyo pia, basi karatasi yetu iliyojazwa munayo ndani ya bahasha hii: tunachagua namba moja, sanduku la nyuzi tatu, lisilo na imbwa, lisilo na mugongo, lisilo na kichwa. Muchezaji atakuwa Lévi, kwa sababu alishinda mbio. Hajui kuimba sauti mbili zinazofuatana, lakini chombo kitafika salama popote tutakapofika, na mukono mutupu haulambwi. Verdiane ataendelea na sufuria, kama kanuni inavyosema. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, na mimi nalalamika juu ya viele tu.

Salamu kwa wasomaji wote wa buletini, kwa korali zote za Masisi na za Walikale, kwa Mama Kasoki kule Mubi akipata toleo hili, kwa vijana wa bariyeri, Benita anawaambia hana kinyongo, na kwa wale wapenzi wa muziki wa Ulaya ambao moyo wao ni muzuri hata kama mashauri yao yanahitaji viatu. Alto wote wanasalimia. Soprano wanasema waandikwe mbele ya alto.

Nabaki, kwa muda ambao nitaachwa nibaki, mutumishi wako katika uimbaji,

Valens Nzabandora
Fundi wa chukudu, sekretere wa korali

N.B. Papa Constantin, hapa pa chini usipachapishe. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha na bukari, ule ugali wetu, imenibidi niifungue tena.

Asubuhi hii nilirudi nyumbani kuchukua randa yangu niliyoisahau. Verdiane alikuwa jikoni, ameketi kwenye kale kakiti kadogo, Umwali juu ya magoti yake. Alikuwa anazungusha manivele. Kile chombo hakina uzi, unajua, kinatoa kwikwi tu ya kalitusi ambayo haijakauka. Juu ya ile kwikwi alikuwa anaimba. Si kwa nguvu. Ni wimbo wa baba yake, mustari wa kwanza, halafu tena mustari wa kwanza, kama muntu anayejaribu daraja na muguu mumoja. Maharagi yalikuwa yanaungua ndani ya sufuria na hakusikia harufu. Nilisimama nje ya mulango. Nililia, Papa, sina haya kukuambia. Sikuingia, na randa sijaichukua mpaka sasa.

Nilikuandikia pale juu ya kwamba iningiri ilibaki ukutani. Ni uongo. Siku ile alikuwa nayo mikononi, amekwisha kufika pa mulango, na mimi njo niliitoa mikononi mwake nikamupa sufuria. Nikamwambia iningiri tutachonga ingine. Nimemuchongea ine tangu siku ile, nzuri kuliko ya baba yake, mimi ni fundi na najua ninachosema. Kila moja aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akaitundika ukutani. Hajagusa hata moja.

Kwa hiyo ile karatasi iliyojazwa uipasue. Nakutumia ingine, nimeijaza mwenyewe bila komite, wataniadhibu na wana haki. Tunaomba namba tatu, pamoja na imbwa yake, na burdoni yake, na kichwa chake, na uzito wake wote. Kabila: muweke mulitakalo, ao mubakishe alto. Muchezaji: Verdiane Murekatete. Mubebaji: mimi, Valens, magoti yangu bado ni mazima.

Sufuria tutaiacha.